Mistari ya Mvua

Rangi haikukauka. Emiliana alipitisha kidole kwenye mistari ya mvua aliyoichora siku tisa zilizopita, kidole kikatoka kimelowa. Ilikuwa Septemba, Singida mjini, upepo wa kiangazi unakausha nguo kabla hujamaliza kuzianika, lakini ile picha ilikuwa mbichi na chumba kizima kilinuka udongo uliopata mvua ya kwanza.

Kazi yake ilikuwa kunakili kwa mkono picha za kale za Kijapani, zile ambazo mafundi wa huko walizichonga kwenye mbao na kuzipiga chapa. Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani alimwachia kitabu chake, na sasa wenye hoteli walimwagiza: ndege korongo kwenye theluji, mlima mweupe, wanawake wenye miavuli ya karatasi. Hii ilikuwa ya watu sita wanaokimbia mvua darajani. Ugumu wake ni hiyo mvua. Mistari mamia, myembamba kama unywele, kila mmoja unashuka kwa pumzi moja. Mkono ukisita, umeharibu.

Siku alipoichora, alikuwa katikati ya mistari hiyo wakati mama yake mkubwa, Magdalena, alipomwita kutoka chumba cha pili. Huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wake kufariki, na sasa alikuwa amepooza upande mmoja.

"Emi, maji."

"Nakuja, mama."

Aliita mara tatu. Mara tatu Emiliana akajibu hivyohivyo, bila kuinua brashi. Alipokwenda, mvua yote imekwisha kuchorwa, alimkuta mama mkubwa ananing'inia kitandani, mkono umenyooka kuelekea ndoo, hapumui tena. Akamlaza vizuri, akamfumba macho. Watu akawaambia amefariki usingizini. Mumewe Alute alimwamini. Sara, binti wa marehemu, aliyetoka Kinampanda kuja kuzika, alimkumbatia akalia, "Asante kwa kumtunza mama yangu." Emiliana akainamisha kichwa.

Mchana wa siku ile ya rangi mbichi alikuwa uani anafua. Alute akatoka ndani, uso umembadilika.

"Uko hapa?" alinong'ona.

"Niko hapa tangu asubuhi. Kuna nini?"

"Sasa nani amenijibu huko chumbani? Nimekuita, ukasema unakuja. Sauti yako kabisa, mama Winfrida."

Wakasimama wakisikiliza. Ndani ya nyumba isiyo na mtu, sauti ya Emiliana ikasema taratibu, "Nakuja, mama."

Kesho yake mtoto wao Winfrida, wa miaka minne, alikataa maji.

"Bibi hajanywa," alisema. "Ameniambia nisubiri anywe kwanza."

Siku ya pili midomo ilimpasuka. Hospitali walimtundikia dripu, wakapima kila kitu, hawakuona ugonjwa. Aliporudi nyumbani akakaza meno tena. Emiliana akamwacha mikononi mwa baba yake, akaingia chumba cha kazi peke yake, saa nane mchana, jua likiwaka dirishani, na mle ndani kulikuwa na baridi, na mchirizo wa maji ulisikika ukutani ingawa ukuta ulikuwa mkavu, naye akasogea, akasogea, akihesabu watu wa darajani mmoja mmoja kwa kidole, wa tano, wa sita, hadi akafika mwisho wa daraja na kumwona wa saba, ambaye hakumchora, amekaa chini, hakimbii, mkono mmoja ameunyoosha mbele.

Alute alimleta Bi Rukaiya kutoka Ikungi, mama mtu mzima anayejulikana kwa kutoa majini kwa dua.

"Shikamoo, mama," Emiliana alimwamkia.

"Marahaba."

Bi Rukaiya aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Emiliana. "Jini huyu hakutumwa na mtu. Amekuta nyumba ina neno limefichwa, akaingia humo. Mimi nitasoma, lakini aliyelificha alitoe, tena mbele ya mwenye haki nalo."

Emiliana akampigia Sara simu.

Sara alifika kesho yake, akaketi mkekani. Bi Rukaiya akaanza kusoma. Emiliana akapiga magoti.

"Dada, mama hakufa usingizini. Aliomba maji. Mara tatu. Nilikuwa namalizia picha, nikamwacha. Alikufa anaitafuta ndoo."

Kutoka chumba cha kazi sauti yake mwenyewe ikapanda, ikijibu mfululizo, ikimfunika asisikike. Akarudia kwa nguvu zaidi, "Nilimwacha, Sara! Nikawadanganya wote!" Kukavuma kishindo kama mvua ya mawe juu ya bati. Kikakatika ghafla.

Alute alichungulia chumba cha kazi. Mistari yote ilikuwa imetiririka hadi sakafuni. Watu sita walikimbia juu ya daraja kavu, na mwisho wa daraja palikuwa patupu.

"Maji," Winfrida alilia.

Emiliana akanyanyuka, lakini Sara alimtangulia. Akachota mwenyewe, akampakata mtoto, akamnywesha polepole, vikombe viwili, akamfuta kidevu kwa ncha ya kanga. Kisha akamkabidhi kwa baba yake, akachukua mkoba wake.

"Dada," Emiliana alimwita.

Sara hakugeuka. Alipita mlangoni, akashika njia ya kituo cha mabasi.

Jini hajasikika tena mle ndani. Winfrida amenenepa. Kila Jumapili Emiliana humpigia Sara simu Kinampanda, simu ikaita hadi ikakatika, na Jumapili inayofuata hupiga tena.