Sindano ya Mke wa Daktari

Wadau, kama una presha, soma taratibu...

"Pandisha mkono wa gauni, mke wangu."

"Itauma?"

"Kidogo tu. Ni ya kuzuia pepopunda. Mtoto wetu asije akaondoka kama wanavyoondoka wa hapa kijijini."

Zita alikuwa kwenye mlango wa nyuma, kikapu cha unga wa ulezi kichwani. Alimletea mke wa daktari zawadi, na zawadi hupitia jikoni.

Akaganda!

Mwenye sindano ni Daktari Andwele. Anayechomwa ni mkewe, Tusekile, mwenye mimba changa kama ya Zita.

Na asubuhi ileile... nasema ASUBUHI ILEILE... Daktari huyohuyo alikuwa amemwambia Zita pale zahanati:

"Mjamzito hachomwi sindano, mama. Itamdhuru mtoto. Nenda nyumbani ukapumzike."

Kikapu kikaanguka. Unga wote chini.

Ngoja niwaweke sawa. Hii ni miaka ya vijiji vya ujamaa, huku kwetu Ufipa. Watu wametolewa kwenye mashamba ya babu zao, wamepangwa mistari kando ya njia ya Matai, upepo unawapiga kutoka kila upande. Zahanati moja. Mganga mmoja, Mnyakyusa wa Mbeya, mtu mpole kabisa, na kijiji kizima kilimwita Daktari.

Zita alikuwa amezika watoto wawili.

Wote walizaliwa wazima, wakalia, wakanyonya. Kisha kabla kitovu hakijapona, taya likakaza. Titi halishikwi tena. Mwili ukawa mgumu, mtoto anashtuka hata mlango ukifungwa. Mama mkwe alisema degedege. Wengine wakasema mengine, mnatujua.

Halafu alipokwenda Milanzi kumwona dada yake, nesi mmoja wa kliniki akamwambia: "Hiyo ni pepopunda, dada. Ina chanjo. Mama anachomwa mara mbili akiwa na mimba, mtoto anazaliwa na kinga yake."

Basi. Zita hakutaka kingine duniani. Si khanga, si bati la nyumba. Alitaka ile sindano.

Turudi jikoni kwa Daktari.

"Daktari, asubuhi umesema itadhuru mtoto. Wa kwako hadhuriki?"

"Kaa kwanza, Zita."

"Sikai!"

Tusekile akashusha mkono wa gauni, akatazama ukutani. Daktari akaweka sindano kwenye sahani. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Zita zaidi.

"Sikiliza. Chanjo haina ubaya, na mimi najua haina ubaya. Lakini mke wangu likimpata lolote, nitalia mwenyewe na Mungu wangu. Likikupata wewe, nitachomewa nyumba."

"Na nani?"

"Kamuulize mumeo."

Jamani!

Mumewe ni Kornel, balozi wa nyumba kumi. Zita alimkuta uani akitia jembe mpini.

"Kornel, ulimwambia nini Daktari?"

Mume akaendelea kugonga.

"Kornel!"

"Tulimwambia asiguse wake zetu wakiwa na mimba." Akaweka jembe chini. "Umemsahau Albina?"

Zita hakumsahau. Albina ni dada yake Kornel. Alishikwa na homa kali akiwa mjamzito, Daktari akamchoma sindano ya homa, na kesho yake mimba ikatoka. Daktari alieleza kwamba homa ndiyo iliyoitoa. Nani amsikilize? Watu waliona sindano, hawakuiona homa.

"Tulikwenda wanaume wote," Kornel akasema. "Tulimwambia, ukirudia utaondoka hapa kwa miguu, na nyumba tutaichoma. Nilikuwa nakulinda wewe, mke wangu."

"Na watoto wangu wawili ulikuwa unawalinda na nini?"

Kornel akaokota jembe, akarudi kugonga. Wanaume wetu hawa, kwenye mkutano wana maneno mpaka jua linazama, nyumbani wanageuka mabubu.

Zita aliomba. Alinuna. Alimtuma hadi katekista aje kusema na Kornel. Wapi! Milanzi nako ni mbali, na Kornel alimkataza safari. Alirudi zahanati peke yake, Daktari akamjibu lilelile: "Mlete mumeo." Huyu anasubiri ruhusa ya yule, yule anaogopa maneno ya kijiji, na mimba haisubiri mtu.

Miezi ikapita hivyohivyo.

Tusekile akatangulia kujifungua. Mtoto wa kiume. Kitovu kikapona, dogo ananyonya tu, mashavu haya! Kornel alikwenda kutoa hongera. Alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Akarudi nyumbani, akasema kwa sauti ndogo:

"Vaa. Twende."

Zita karibu aanguke kwa furaha.

Lakini Daktari alipolishika tumbo, uso ukamshuka.

"Tumechelewa. Zinatakiwa mbili, za kupishana mwezi, na mwili unahitaji muda wa kutengeneza kinga. Wewe ni leo au kesho."

"Nichome hivyohivyo!"

"Haitamfaa huyu, Zita."

"Daktari, nimezika wawili. Nichome!"

Daktari akamtazama Kornel. Kornel akatikisa kichwa kukubali. Sindano ikaingia.

Uchungu ulimkuta Zita nyumbani, mvua imefunga njia. Mama mkwe akakata kitovu kwa kisu kilekile alichowakatia wale wawili, akapaka majivu ya jikoni kama alivyofundishwa na mama yake. Kwa upendo kabisa, wadau. Hakuna aliyemtakia mtoto yule mabaya.

Binti. Mzuri! Akanyonya.

Kisha siku moja asubuhi akaacha.

Zita alimpa titi, akampa tena. Midomo imebana. Akajaribu kuingiza kidole, taya halifunguki. Hakupiga kelele. Alikaa pale kitandani amempakata, akijua kila kitakachofuata, na hakuna cha kufanya.

Walipotoka kuzika, maneno yakaanza.

"Ni ile sindano!"

"Albina naye hivihivi!"

"Daktari anaua watoto wetu!"

Zita akasimama katikati ya watu, kwenye tope, macho yamevimba.

"Sindano haikuua! Sindano ilichelewa! Wale wawili wa mwanzo nilichomwa nini?"

"Maskini, uchungu wa mwana umempanda kichwani," mwanamke mmoja akasema. Wakamshika mabega kumkalisha.

Akageuka kwa mumewe.

"Kornel, waambie. Ulinipeleka wewe mwenyewe. Daktari alisema tumechelewa, ulisikia kwa masikio yako!"

Watu wote wakamgeukia Kornel. Wanamsubiri balozi.

Kornel akatazama chini.

"Mimi sikujua wanamchoma nini."

Hapo, wadau, Zita alizika na ndoa. Aliendelea kupika na kulima, lakini ndani hakuwa na mume.

Nyumba haikuchomwa. Daktari Andwele aliondoka mwenyewe kwa lori la mahindi, na Tusekile, na yule mtoto wao mwenye mashavu. Alipita karibu na Zita bila kuinua uso.

Mungu hamtupi mja wake. Zita akapata mimba nyingine. Na zahanati ikaletewa mganga mpya, kijana anaitwa Eustace.

Safari hii hakungoja. Mimba bado haionekani, tayari yuko mlangoni. Hata Kornel alikwenda naye, kofia mkononi.

"Daktari, nimekuja kuchomwa chanjo ya pepopunda."

Eustace akatabasamu kwa huruma.

"Mama, hapa kwenu sithubutu. Aliyenitangulia aliniasa, mjamzito wa kijiji hiki usimguse."

"Nimekuja mwenyewe. Mume wangu huyu hapa, anakubali."

"Hata yule mama wa mwisho kuchomwa hapa alikuja mwenyewe na mumewe akakubali. Mtoto akafa, mume akamkana daktari mbele ya watu. Hukusikia habari zake?"

Kornel kofia ikamdondoka.

"Yule mama ni mimi," Zita akasema.

Eustace akamtazama yeye, akamtazama Kornel. Tabasamu likaisha. Akafunga mlango wa kabati la dawa taratibu.

"Basi, mama... wewe ndiye nakuogopa kuliko wote."

Wakarudi nyumbani wameachana hatua kadhaa, yeye mbele, mume nyuma, na mikono yote miwili ya Zita iko tumboni.

Ndugu msomaji, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sikatai. Lakini mganga anayeogopa lawama kuliko kifo, na mume anayeogopa kijiji kuliko kaburi la mwanawe, mimi siwatofautishi. Mkeo akitaka kinga, mpeleke mapema, na ukiulizwa mbele ya watu, fungua mdomo. Ukinyamaza, anayelipa ni yule ambaye hata jina bado hajapewa.