Chuma cha Mguu wa Kushoto

Haya yalimpata shemeji yake jirani yangu, mume wa dada yake, na jirani yangu huyo si mtu wa kuongeza chumvi. Sehemu ya mwisho aliiona kwa macho yake. Sehemu nyingine alisimuliwa na dada yake, fundi cherehani, ambaye tangu siku hizo hakubali kukaa chumba kilichofungwa mlango.

Shemeji huyo watu walimwita Masikio. Alikuwa muuzaji katika duka la mashine za kutafutia vyuma ardhini, zile zenye mpini mrefu na sahani ya duara chini, unaipitisha juu ya udongo na ikikuta chuma inalia. Wanunuzi wake hawakuwa wachimbaji. Walikuwa makarani, mafundi bomba, wastaafu, watu wanaopenda siku ya mapumziko kuzungukia viwanja vya zamani wakitafuta sarafu na pete zilizopotea. Masikio aliwajua nje ndani. Wanataka mashine nyepesi isiyoumiza bega. Wanataka kioo chenye namba kubwa, maana miwani wameisahau nyumbani. Wanataka iwe ya kuzama majini, hata kama maisha yao hawajakanyaga dimbwi. Na zaidi ya yote wanataka ichuje, yaani inyamaze ikipita juu ya misumari na vizibo vya soda, ilie kwa vitu vizuri tu.

"Mteja hataki mashine inayosema kila kitu," aliwaambia wenzake. "Anataka inayosema anachotaka kusikia."

Nyuma ya duka kulikuwa na ua wa mchanga, hatua kumi kwa sita. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Masikio alifukia humo sarafu mbili tatu, kijiko, ufunguo na hereni ya fedha, kisha akausawazisha mchanga kwa reki. Mteja anapewa mashine, anatembea, inalia, anachimba, anainuka na hereni mkononi akichekelea kama mtoto. Hapo mashine imeshauzika. Kama mteja alikuwa anaulizia kina, Masikio alikifukia kitu juu juu tu, halafu akamchimbia mwenyewe, akilizidisha shimo huku anapiga soga, mpaka mtu anaapa kuwa kimetoka kina cha mkono mzima.

Siku moja asubuhi aliingia mwalimu mstaafu. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Hakugusa mashine yoyote. Alitoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

"Nataka mashine ya kumtafutia mke wangu," alisema.

Masikio alidhani amesikia vibaya. Mwalimu akaeleza polepole, kama anayesomea darasa imla. Miaka kumi na moja iliyopita mkewe alitoka asubuhi kwenda shamba lao, hapo hapo nyuma ya nyumba, na hakurudi. Polisi walitafuta, majirani walitafuta, wakachoka. Yeye hakuchoka. Sasa wazo lilikuwa limemjia: nguo zinaoza, nywele zinaoza, lakini chuma kinabaki. Kwenye karatasi alikuwa ameandika vyuma vyote alivyokuwa navyo mkewe mwilini. Bamba la mguuni, la ajali ya zamani, lenye matundu saba na skrubu sita. Kofia ya dhahabu kwenye jino la juu. Na cha tatu, ambacho mwalimu alikifunika kwa kidole gumba.

"Hicho ni mambo ya kike," alisema. "Utanisamehe."

Masikio alijua fika kwamba mashine za mle dukani ni za kuokotea sarafu. Mtu aliyefukiwa kina cha kaburi zisingemsikia hata siku moja. Hakumwambia. Alimwomba arudi baada ya chakula cha mchana, na mwalimu alipotoka, akatafuta kipande cha bawaba ya mlango, akakifukia uani kina cha kiganja.

Mwalimu aliporudi, Masikio alimvalisha spika za masikioni na kumshikisha mashine ya bei ya juu kuliko zote.

"Hii, mwalimu, mwaka jana ilimpatia mteja wangu mmoja kaka yake. Mzima mzima, mpaka vifungo vya koti." Ulikuwa uongo mtupu.

Mashine ikalia. Masikio akachimba, akapiga soga, akachimba, akatoa bawaba. Mwalimu alisimama pale pale, machozi yanamteremka bila sauti.

"Itampata?" aliuliza.

"Itampata. Nakuhakikishia."

Mwalimu alipoondoka na boksi lake, Masikio akawaita wenzake wawili wa kaunta ya vipuri. Akawasimulia. Halafu, ili wacheke zaidi, akaingia kwenye mchanga na kuanza kuchechemea, anauburuta mguu wa kulia, mkono mmoja kiunoni, sauti ameibana iwe ya kike. "Niko hapa, mume wangu. Niko hapa. Chimba." Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Kisha wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine, wakitazama nyuma yake.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni.

"Nimesahau betri," alisema.

Walimpa. Akazihesabu, akazitia mfukoni. Uso wake haukuwa na hasira.

"Alikuwa anauvuta wa kushoto," alimwambia Masikio. "Wewe umevuta wa kulia."

Akaenda zake.

Kesho yake asubuhi Masikio alikuwa uani akifukia vitu vyake kama kawaida. Mashine ya kujaribia ilikuwa imeegemea ukuta, imewashwa. Alipopita mbele yake ikalia. Akarudi nyuma. Ikalia tena. Akavua mkanda, saa, viatu, akatoa funguo mfukoni. Akaipitisha sahani mwilini kuanzia kichwani. Kimya. Kifuani, kimya. Mguu wa kulia, kimya. Wa kushoto, chini ya goti, mashine ikatoa mlio mrefu mwembamba, na namba kwenye kioo ikasimama bila kutikisika.

Alicheka peke yake. Akachukua mashine nyingine. Akachukua ya tatu, ya nne. Zote zilisema namba ile ile.

Wiki haikuisha mguu ukaanza kuuma, maumivu ya ndani, kama ya baridi. Mkewe aliona anauvuta. Akamburuta hospitali. Walipiga picha, na daktari akaitundika kwenye taa.

"Hili uliwekewa lini?"

"Lipi?"

Daktari alionyesha kwa ncha ya kalamu. Bamba jeupe, limelala juu ya mfupa. Masikio alihesabu matundu. Saba. Akahesabu skrubu. Sita. Daktari alimkunjia suruali, akaupapasa mguu akitafuta kovu. Hakulipata. Ngozi ilikuwa nyororo kama ya mtoto.

"Lina miaka mingi humu," daktari alisema. "Mfupa umeshaota juu yake."

Masikio hakurudi kazini. Alipita dukani mara moja tu kutafuta anwani ya mwalimu kwenye karatasi za mauzo, akaenda mchana ule ule. Alimkuta shambani, amegawa ardhi yote kwa kamba na vijiti, mraba kwa mraba, anapitisha mashine kwa mwendo wa saa ya ukutani. Mwalimu alimwona anavyotembea. Akazima mashine.

"Ndiyo," alisema. "Hivyo hivyo."

"Nisamehe, mwalimu. Nilikuwa natania."

"Najua. Nimefundisha watani wengi."

"Basi niondolee hiki kitu."

"Mimi sijaweka kitu. Miaka kumi na moja namwita kwa sauti yangu, haitiki. Wewe umemwita mara moja tu." Mwalimu aliwasha mashine tena. "Labda alikuwa anangoja sauti ya kuazima."

Akainamisha sahani kwenye mguu wa kushoto. Ikalia. Akatoa karatasi yake, akatia alama kwa kalamu nyekundu. Kisha akaipandisha sahani taratibu, tumboni akaruka, kifuani, shingoni, usoni. Ikalia tena, mlio mwingine, mwororo.

"Fungua mdomo."

Masikio alikuwa ameshapitisha ulimi. Jino la juu, ambalo asubuhi alilipiga mswaki likiwa jino, lilikuwa laini na baridi. Mwalimu alitazama ndani ya mdomo ule kwa muda mrefu. Alitazama kwa upendo. Hilo ndilo lililomfanya Masikio aanze kulia.

"Viwili," mwalimu alisema. "Bado kimoja."

"Kiko wapi?"

Mzee akainamisha macho. Alikuwa anaona haya. "Hicho siwezi kukipima mimi. Mwombe mkeo."

Mkewe alikipima jioni ile, kwa mashine ya dukani, sebuleni, mapazia yameshushwa. Sahani ilipofika chini ya kitovu, ililia. Siku ya pili daktari aliwaonyesha picha nyingine na safari hii hakuuliza swali. Ndani ya tumbo la Masikio, katikati ya nyonga, kilikaa kitanzi kidogo cha shaba, kile wanachowekewa wanawake ili wasishike mimba.

Wakamfanyia upasuaji. Wakatoa bamba, wakatoa kitanzi, wakang'oa jino. Mwalimu alikuwa kwenye benchi la korido na kitambaa cheupe kilichokunjwa magotini, na hakuna aliyemwambia siku wala saa. Alimwomba muuguzi ampe vyuma hivyo. Muuguzi akakataa. "Si kitu," mwalimu alisema. "Atavirudisha mwenyewe."

Vilirudi kabla nyuzi hazijatolewa. Bamba lile lile, matundu saba. Jino liliota likiwa limeshavaa dhahabu. Nyuzi zilipotolewa, kutoka kwenye kidonda hakukutoka usaha. Ulitoka udongo.

Kuanzia hapo mkewe hakujua anaishi na nani. Mwili ulikuwa wa mumewe, sauti ilikuwa ya mumewe. Lakini alimkuta mchana mmoja amekaa sakafuni, miguu ameikunja upande mmoja, anashona kifungo cha shati. Masikio hakuwahi kushika sindano katika maisha yake. Alikuwa anakata uzi kwa jino la dhahabu.

"Mwalimu ameshakula?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mwalimu yupi, mume wangu?"

Akainua kichwa. Alimtazama mkewe kwa heshima, kama mgeni anavyomtazama mwenye nyumba. Chini kabisa ya macho yale kulikuwa na mtu mwingine anayezama, na huyo alikuwa mumewe. Midomo ikatikisika. Sauti mbili ziligombania ulimi mmoja.

"Nifungie," ya kwanza ilinong'ona. "Nifungie mlango, usimruhusu aende."

"Samahani, dada," ikasema ya pili. "Nimekaa sana kwako."

Mkewe alitoka, akafunga mlango kwa ufunguo, akakimbia kumwita kaka yake, huyo jirani yangu. Hawakuchukua hata nusu saa kurudi. Madirisha yalikuwa na nondo, na nondo zilikuwa nzima. Kitasa kilikuwa kimefungwa kama alivyokiacha, ufunguo uko mkononi mwake. Chumbani palikuwa na shati tu, limekunjwa vizuri, kifungo kimeshonwa.

Walikwenda moja kwa moja kwa mwalimu. Walimkuta barazani, shati jeupe, nywele amechana. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, kimoja nusu.

"Mume wangu yuko wapi?" dada aliuliza.

"Mumeo hajafika hapa."

Ndani, nyuma ya pazia, mtu alikohoa. Kikohozi chepesi, cha mwanamke.

"Na huyo ni nani?" jirani yangu aliuliza.

"Mke wangu. Amechoka, msimsumbue. Ametoka mbali."

Dada alipiga hatua kuelekea mlangoni. Ndipo kutoka ndani, kwa chini sana, akasikia jina la utani ambalo mumewe alikuwa anamwita wakiwa wawili tu. Liliitwa mara moja, kama mtu aliyechomoza kichwa juu ya maji. Halafu sauti ya kike ikafuata, ya upole. "Shh," ilisema. "Lala."

Jirani yangu alipasua pazia. Polisi nao walipasua kila kitu alasiri ile ile, dari, kabati, mpaka tangi la maji. Hapakuwa na mtu. Mwalimu aliwasaidia kuhamisha vitanda. Walipomuuliza mkewe yuko wapi, alijibu kwamba amelala, na wakati akijibu alikuwa akitabasamu.

Kilichobaki ni kile kilichokuwa njiani, na jirani yangu alikiona kabla watu hawajakikanyaga. Toka barabarani mpaka barazani kwa mwalimu kuna kinjia cha vumbi, hatua kama arobaini. Juu yake palikuwa na nyayo za mtu mmoja, za kuingia tu, hakuna za kutoka. Za mwanzo zilikuwa za mwanaume, ndara kubwa. Kila hatua iliyofuata ilikuwa ndogo kidogo kuliko iliyotangulia. Askari alizipima kwa utepe, akaandika, akapima upya, akafunga daftari. Katikati ya njia ndara zilikuwa zimevuliwa, zimewekwa pembeni sambamba, za Masikio, namba arobaini na tatu, kama za mtu aliyeona zinampwaya. Baada ya hapo nyayo ziliendelea peku, wa kushoto ukiburuzwa. Ile ya mwisho, kwenye ngazi ya baraza, dada aliweka mguu wake juu yake, na mguu ukaifunika yote.