Aliyeshika Manette ya Pili

Jumamosi hiyo Dorcas alirudi mapema kutoka soko la Bunia, kwa kuwa mvua ilikuwa imewafukuza wanunuzi wa vitenge. Nyumbani alimkuta mama yake, Musoki, akichagua maharagwe barazani. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kwa miezi kadhaa. Watu walikuwa wameanza tena kwenda mjini Fataki na kurudi, ingawa gari likichelewa kidogo tu, wenye jamaa zao walitoka kusimama barabarani.

Dorcas akawasha mashine ya michezo aliyoletewa na kaka yake mkubwa, Kamate, kutoka Kampala. Kamate ndiye aliyemlipia pia abonema ya michezo ya zamani: unalipa kila mwezi, unachagua kwenye internet mchezo unaoutaka. Ile ya kisasa ilikuwa mizito mno kwa mtandao wa Bunia. Ya zamani ilifunguka upesi, na Dorcas aliipenda zaidi, na magari yake yenye umbo la sanduku na muziki wake kama filimbi ya bati. Tangu walipomzika Néhémie, kitinda mimba wao, hakuweza kukaa bila kitu mikononi.

Akipekua siku hiyo, akauona mchezo wa utoto wao kule Butembo. Watoto wawili wamepotea pangoni, mmoja mwekundu, mwingine wa bluu, wanatafuta njia ya kutoka. Akaufungua. Manette moja, kile kidude cha vifungo cha kuchezea, aliishika yeye. Ya pili ilikuwa juu ya kiti cha plastiki kando yake, haijaguswa na mtu.

Mtoto wa bluu akamfuata.

Dorcas akatabasamu, akadhani ni mashine inayocheza upande wa pili. Walipofika kwenye mlango wa kwanza, wa bluu akasimama. Akaruka. Akaruka tena. Kisha akaingia.

Dorcas akaacha kubonyeza. Kuruka namna hiyo mbele ya kila mlango, kama mtu anayebisha hodi, ilikuwa tabia ya Néhémie. Kamate aliisimulia siku ya matanga, mbele ya sanduku la maiti, na watu wakacheka katikati ya machozi. Sanduku lenyewe halikufunguliwa. Gari la Néhémie lilichomwa njia ya Fataki, na mwili waliokabidhiwa haukuwa na uso.

Akanyoosha mkono, akaigusa manette ya pili. Ilikuwa na joto, kama kitu kilichoachiliwa sasa hivi.

Hakumwambia mtu. Ila kuanzia hapo, kila alasiri alijifungia sebuleni. Alimhadithia mdogo wake habari za nyumbani: nani ameolewa, nani amehamia Nyankunde, nani hasalimiani tena na nani. Akaanza kumwekea sahani. Mchumba wake, Davy, alipokuja, alijibiwa dirishani, mwishowe akaacha kuja. Mama Musoki alimsikia binti yake akiongea, akinyamaza muda wa mtu kujibu, kisha akiongea tena. Siku moja alichungulia. Dorcas alikuwa peke yake. Lakini miguu ya kile kiti cha plastiki ilikuwa imepanuka, kama kimekaliwa na mtu mzito.

"Unaongea na nani?" mama alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Ni Néhémie, mama. Hakutuacha."

Mama Musoki alikaa sakafuni akalia sana. Kesho yake, sahani aliileta yeye mwenyewe.

Mambo yalikwenda hivyo hadi alasiri moja ya kiangazi, geti likagongwa. Mama alikwenda kufungua. Dorcas alisikia jerikani ikianguka, halafu hakusikia kitu. Akatoka mbio. Mama alikuwa ameketi chini kwenye maji, na mbele yake alisimama kijana aliyekonda, miguu mitupu, ndevu zimemjaa.

Alikuwa Néhémie.

Wenye silaha walimshusha kabla ya kulichoma lile gari. Walimbebesha mizigo yao, wakamchimbisha dhahabu msituni, mpaka kundi lao liliposambaratika naye akatoroka. Dorcas alimshika uso, masikio, kovu la panga kwenye kidole. Alikuwa mtu. Alitoka jasho, alinuka moshi, alitaka maji ya kunywa.

Ndipo akausikia muziki wa pango, unaendelea ndani.

Waliingia wote watatu. Mtoto mwekundu alikuwa pale pale alipomwacha. Wa bluu alikuwa anaruka. Anaruka tena. Anatulia. Anaruka tena. Mbele yake hapakuwa na mlango.

Kamate, aliyeitwa kwa simu, aliwakuta wamesimama ukutani. Dorcas aliwaeleza yote kwa kunong'ona. Néhémie alisikiliza, akakunja uso.

"Kuruka? Hapana miye," alisema, akimwonyesha kidole kaka yake mkubwa. "Ni yaya Kamate alikuwa anaruka. Miye nilikuwa mutoto, nilikuwa naangalia tu."

Kamate akakumbuka. Ilikuwa kweli. Siku ya matanga uchungu ulimchanganya, akampa mdogo wake tabia iliyokuwa yake, na Dorcas naye akaipokea hivyo. Kosa hilo alilisema mara moja tu maishani mwake. Alilisema mbele ya lile sanduku na aliyelala ndani yake.

Hakuna aliyetaka kulitamka swali lililofuata. Mama Musoki ndiye aliyethubutu.

"Basi siye tulizika nani?"

Kamate akachomoa waya. Televisheni ikawa nyeusi, muziki ukakatika. Halafu, kutoka kwenye kiti, wakasikia vifungo vya manette vikibonyezwa. Tak-tak. Tak-tak. Polepole, kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba mchezo umekwisha.

Dorcas akasogea hatua moja.

"Weye ni nani?"

Vifungo vikanyamaza.

Walingoja.

Kesho yake walikwenda makaburini na mchungaji. Kamate alilikwangua jina la Néhémie msalabani kwa kisu, na Néhémie mwenyewe akamshikia ubao. Hawakuwa na jina la kuandika badala yake, wakauacha mtupu. Mama Musoki alibaki nyuma ya wengine, ameinama. "Na huyu iko na mama yake," alisema, "na anamungoja." Mashine Kamate aliirudisha Kampala, abonema akaikata. Davy alirudi kusalimia. Dorcas, aliyekonda kwa miezi ile ya kujifungia, akaanza kunenepa.

Mwezi uliofuata walifanya sherehe ya shukrani, mchana, ua umejaa watu wa kanisa. Gaspard mpiga picha aliipanga familia barazani: mama katikati, Kamate upande mmoja, upande wa pili Néhémie, na Dorcas mwishoni kabisa. Baada yake kulikuwa na ukuta tu.

Picha ilipoletwa, Dorcas aliitazama muda mrefu. Néhémie ameshika chupa yake ya soda kwa mikono yote miwili. Dorcas mwenyewe amegeuza kichwa upande wa ukuta, anatabasamu, kama mtu anayeambiwa jambo sikioni. Hakumbuki kugeuka. Na bega la gauni lake jipya la kitenge, lililopigwa pasi asubuhi ile ile likasimama vizuri, limebonyea kwa mikunjo mitano, mmoja mfupi na minne mirefu.

Mama Musoki aliitundika sebuleni hivyo hivyo. Dorcas akipita hapo, hujishika bega.