Kifupisho cha Mzee Zedekiah

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu nyingine yoyote. Apondi alifungua kibanda chake cha kuchapia pale mtaani Baba Dogo huku mabega yakimuuma kabla hata hajagusa kibodi. Miaka ishirini na miwili amewachapia watu barua za kuomba kazi, mikataba ya nyumba na, siku hizi zaidi, ratiba za mazishi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Alipiga miayo, akapangusa skrini kwa ncha ya leso, akangoja.

Saa tano hivi akaingia Clare, mjane wa Mzee Zedekiah Obonyo, aliyestaafu kutoka reli. Alitoa karatasi mbili kwenye mkoba, akaziweka mezani.

"Pole sana, Mama Akech."

"Asante. Huo ni wasifu wa marehemu, aliuandika mwenyewe akiwa hospitali. Uchape vile ulivyo. Nitaupitia saa tisa."

Alipoondoka, Apondi akaanza. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeshika kalamu kwa taabu. Kuzaliwa, shule, reli, kanisa. Akafika penye familia: *Ameacha mke, Clare, watoto Akech, Ondiek n.k. na wajukuu watatu.*

Hapo akasita. Katika wasifu wote aliowahi kuchapa, hajaona mtu akiwawekea watoto wake n.k. Watoto huhesabika. Lakini ameambiwa uchapwe vile ulivyo, akauchapa.

Kompyuta ikaandika "Na wajukuu", kwa herufi kubwa. Hilo halikumshangaza. Mashine ikiona nukta hudhani sentensi imekwisha, basi neno linalofuata hulipa herufi kubwa. Ndiyo sababu ndani yake kuna orodha ya vifupisho, uifundishe kwamba nukta hizo si mwisho wa chochote: Bw., Bi., k.m. Apondi akaifungua ili aongeze n.k.

Ilikuwamo tayari. Ila ilikuwa upande wa pili, penye maneno ambayo mashine huyabadilisha yenyewe kuwa mengine. Kushoto, n.k. Kulia, Nabalayo Khakasa.

Kompyuta hiyo haiguswi na mtu mwingine.

Hakumjua mtu wa jina hilo. Akalifuta kwenye orodha, akarudi kwenye wasifu. N.k. haikuwapo tena. Palisomeka: *watoto Akech, Ondiek, Nabalayo Khakasa.*

"Wewe mashine, leo siwezi na wewe," alisema, sauti ya mtu aliyechoka zaidi ya aliyeogopa. Akafuta. Akazima masahihisho yote, herufi kubwa, vifupisho, kila kitu. Akachapa kwa kidole kimoja. N. Nukta. K. Nukta.

*Nabalayo Khakasa, miaka sita.*

Akavuta mikono, akaiweka mapajani. Printa ilikuwa kimya. Mvua ilipiga mabati. Akajilazimisha, akafuta tena, herufi moja moja, hadi pakabaki peupe. Safari hii hakuchapa kitu.

Maneno yakaja yenyewe.

*Nabalayo Khakasa, miaka sita, amelowa.*

Alimpigia Clare simu. Hakueleza. Alisema tu, "Mama Akech, njoo sasa hivi."

Clare alifika mwavuli ukichuruzika, akainama kusoma. Mkono wake ukatafuta ukingo wa meza.

"Nani amekwambia hilo jina?" alinong'ona.

"Hakuna."

"Akech hamjui. Ondiek hamjui. Nani?"

"Sijaambiwa na mtu, Mama. Inaandika yenyewe."

Clare akageuka. Aliposema, aliuambia ukuta.

"Zedekiah alimzaa nje ya ndoa, na mwanamke wa Bungoma. Yule mwanamke akafariki. Nyanya yake akamleta mtoto hadi kwetu, akamwacha mlangoni na mfuko wa nguo. Ilikuwa mchana, mvua kama hii. Nikafunga mlango. Zedekiah alikuwa ndani, ameketi mezani. Alimsikia akibisha. Hakuinuka."

"Halafu?"

"Halafu akaacha kubisha." Akameza mate. "Mto ulio karibu na kwetu ulikuwa umejaa. Walimpata chini kule, siku ya tatu. Tulisema hatumjui. Alizikwa na serikali ya kaunti, bila jina."

Apondi alijikuta hana hasira wala huruma. Uchovu tu, kana kwamba amemwagiwa mabegani. Aliuliza swali la kazi yake.

"Nichape nini, Mama?"

"Watu watauliza."

"Watauliza."

Clare akafumba macho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeegemea mlango kwa mgongo miaka mingi, akizuia usifunguke.

"Andika," alisema. "Andika alimtangulia."

Apondi akachapa kwa mikono yake mwenyewe: *Binti yake, Nabalayo Khakasa, alimtangulia.* Alingoja. Hakuna kilichobadilika. Herufi kubwa zilikaa zilipostahili, ndogo zikabaki ndogo. Akapeleka kwenye printa, nakala mia mbili, na Clare akasimama kando yake akizipokea zikiwa bado moto, akisoma kila moja kana kwamba huenda mojawapo ingesema uongo. Kisha akazifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaondoka bila kuaga.

Saa kumi na moja Apondi akaanza kupanga viti vya plastiki ili afunge. Viko vinne ukutani. Siku nzima hakukuwa na mteja mwingine, na Clare hakuwa ameketi hata mara moja.

Kile cha pembeni kilikuwa na maji. Si matone ya kuvuja. Mabati juu yake yalikuwa makavu. Maji yalikuwa yamejikusanya kitini kama yanavyojikusanya mtu aliyelowa akikaa mahali kwa muda mrefu, ametulia, akingoja aitwe. Pembeni palikuwa na unyasi mmoja wa mtoni.

Apondi alichukua kitambaa apanguse. Akagusa maji yale, akaurudisha mkono haraka.

Yalikuwa na joto la mwili.