Mikono Miwili ya Kulia

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu za kumchoma mtu, Sindano alikuwa ameshafagia chumba cha mbele. Hicho ndicho chumba ambamo mama yake alishonea nguo za watu. Sindano aliokota pini kwa sumaku, akajaza maji kwenye pasi, kisha akaifuta cherehani mpaka ikang'aa. Shuleni alikuwa na jina jingine, lakini alizaliwa mwembamba kiasi kwamba mama alisema, "Huyu ukimtunga uzi, anashona." Jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili.

Chumbani mlikuwa na viti vitatu tu: kiti cha mama mbele ya cherehani, kiti cha mteja mbele ya kioo, na kigoda cha Sindano pale kwenye pembe, karibu na kikapu cha vipande. Ukutani ulining'inia mkasi mkubwa. Mkasi huo ulikuwa na sheria moja: Sindano haushiki mama asipokuwepo.

Asubuhi ile mama alikuwa na haraka. Gauni la mkunga lilikuwa limebakiza mikono. Mkunga huyo alikuwa anaagwa kazini kesho yake, baada ya kuzalisha akina mama kwa miaka thelathini, na nusu ya mtaa ilipita mikononi mwake, Sindano akiwemo. Kitambaa alikileta mwenyewe kutoka safari ya mbali, cha buluu chenye maua meupe. Kwenye duka lolote la karibu hukipati.

"Atakuja saa kumi kulijaribu," mama alisema akivaa viatu. "Mimi nafuata vifungo. Nikirudi nakata mikono. Wewe piga pasi kitambaa, basi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Kusikia alisikia. Tabu ni kwamba masikio na vidole havikulelewa nyumba moja.

Alipomaliza kupiga pasi, Sindano alikitazama kitambaa, nacho kama kikamtazama. Amemwona mama akikata mikono mara ngapi! Kitambaa hukunjwa mara mbili, karatasi yenye umbo la mkono huwekwa juu, chaki huizunguka, mkasi hupita, na mikono miwili hutoka pamoja. Akirudi akute kazi imekwisha, si atafurahi? Sindano akapanda kigoda, akautungua mkasi.

Kitambaa kilikuwa kidogo. Kilipokunjwa, karatasi haikuenea. Basi akakifungua, akakata mkono mmoja, akaisogeza karatasi pembeni, akakata wa pili. Hakutetemeka hata kidogo. Kisha akaichukua mikono yote miwili na kuipachika kwa pini kwenye gauni, lililokuwa limevalishwa sanamu ya mbao.

Wa kulia ulikaa kana kwamba ulizaliwa hapo. Wa kushoto ukagoma. Akaugeuza, maua yakapotea, ukatokea mgongo wa kitambaa, umepauka kama jivu. Akaurudisha, mbele ikawa nyuma. Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Kitambaa kikikunjwa, mikono hutoka ikitazamana, kama jozi ya viatu. Yeye hakukunja, wala karatasi hakuigeuza. Alikuwa amekata mikono miwili ya kulia, na kitambaa kilichobaki kisingetosha hata kumvisha mwanasesere.

Saa ya ukutani ilisema saa nne na nusu. Sindano akaibandua mikono ile, akaizika chini kabisa ya kikapu, akaurudisha mkasi ukutani, akakaa juu ya kigoda na kuanza kutunga uongo.

Uongo haujaiva, mlango ukafunguliwa. Alikuwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama. Huyo alijiita kocha wa maisha. Watu waliokwama walimfuata: aliyeachishwa kazi, aliyegombana na mwanawe, aliyefeli mtihani mara tatu. Alikaa nao, akawauliza maswali mpaka wakaiona njia. Mama alikuwa akimcheka: "Kocha! Hayo maisha yanacheza ligi gani?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umekaa kama aliyemeza pini?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu ndicho kinachokutoa machozi?"

"Panya... panya wamekata kitambaa cha mkunga."

Mama mdogo alikitazama kikapu, maana macho ya Sindano yalikuwa hayaachi kukitazama. Akaingiza mkono, akatoa vipande viwili, akavikagua pande zote.

"Maskini panya," alisema. "Kumbe amesoma. Amechora kwanza kwa chaki."

Sindano akaangua kilio, na kwa kilio kile ukweli wote ukatoka. "Mimi sifai! Mama hatanifundisha tena. Niambie nifanye nini!"

"Sikuambii. Mimi nauliza tu. Ukikaa kwenye kigoda hicho, unaona nini?"

"Kikapu. Na mikono niliyoiharibu."

"Ukikaa hapo hapo mpaka saa kumi, utaona nini?"

"Hiyo hiyo."

"Basi hama."

Sindano alidhani anataniwa. Lakini mama mdogo alimshika bega, akamkalisha kwenye kiti cha mama. Kutoka pale, gauni lilikuwa mbele yake wima.

"Naona gauni," akasema polepole. "Kola imekaa vizuri. Mgongo umekamilika. Mkono wa kulia nao ni mzima."

"Kwa hiyo kilichoharibika?"

"Mkono mmoja."

"Kumbe! Mimi nilisikia umeharibu maisha. Haya, wewe sasa ni fundi. Jambo hili ungetaka uambiwe lini?"

Sindano aliinamisha kichwa. "Sasa hivi. Kabla mteja hajafika."

"Hama tena."

Kiti cha mteja kilikuwa cha baridi. Sindano alijiona kwenye kioo, macho mekundu, makamasi tele. Akamfikiria mkunga alipokaa pale wiki iliyopita. Alikuwa akiongea, na huku anaongea anakunja mikono ya nguo yake mpaka juu ya viwiko. Ikishuka, anakunja. Ikishuka, anakunja.

"Mama mdogo! Yule haipendi mikono mirefu. Kila mara anaikunja!" Akasimama. "Huu wa kushoto ukikatwa sehemu ya juu, inayoshonewa begani, halafu tuigeuze karatasi tuchore upya chini yake... utakuwa mfupi, lakini utakuwa wa kushoto. Na wa kulia tunaupunguza ulingane!"

Tayari mkono wake ulikuwa umenyooshwa ukutani.

"Mkasi wa nani huo?" mama mdogo aliuliza.

Mkono ukarudi chini kama uliomwagiwa maji ya moto.

Mama alirudi saa sita. Hajatua hata mfuko, Sindano akasimama mbele yake na kusema yote kwa mkupuo mmoja: mkasi, karatasi, kikapu, hata panya. Mama alivipokea vile vipande, akavilaza mezani, akavitazama. Sindano angeona afadhali apigiwe kelele.

"Miezi miwili kitambaa hiki kimekaa kwangu," mama alisema mwishowe, sauti yake chini. "Nilimwambia kiko mahali salama. Kesho atavaa nini? Atavaa aibu yangu?"

"Dada," mama mdogo akasema, "hebu hama hapo kidogo—"

"Nihame? Kwenye nyumba yangu? Usiniletee ukocha wako saa hizi!"

"Sawa. Lakini ile suruali ya babu, uliyoishonea zipu nyuma tulipokuwa wadogo, nani alikuficha uvunguni?"

Mdomo wa mama ulitetemeka, usijue ucheke au ukemee. Kisha akaketi, tena akaketi kwenye kigoda cha Sindano, magoti yakimfika kifuani, akamtazama mwanawe kutoka chini.

"Eleza tena hiyo ya kupunguza mikono."

Sindano akaeleza. Mama akapima kwa futi, akapima tena. "Inawezekana," akasema. "Lakini siupitishi mkasi bila mwenye kitambaa kukubali. Na atakayemwambia ni wewe."

Saa kumi kasoro dakika tano, viatu vya mkunga vilisikika barazani. Alikuwa mwanamke mnene, sauti kubwa, na macho yaliyozoea kuona kila kitu. Sindano alisimama.

"Shikamoo, bibi. Mimi... nimekiharibu kitambaa chako. Nilikata bila ruhusa, nikakata mikono miwili ya kulia. Kisha nikaificha. Mama hakujua."

Mkunga alimtazama. Akautazama mkono wa kushoto, akamtazama tena.

"Dawa yake mmeipata?"

Sindano akaonyesha mstari wa chaki ambao mama alimruhusu kuchora. "Mikono itakuwa mifupi, itaishia juu kidogo ya kiwiko. Ukikubali. Usipokubali..."

"Nani aliyekwambia mimi napenda mifupi?"

"Hakuna. Nilikaa kwenye kiti chako, nikakukumbuka."

Mkunga akajitazama. Mikono ya blauzi yake ilikuwa imekunjwa mpaka juu ya viwiko. Akacheka mpaka pini zikatikisika kwenye kibweta.

"Kateni!"

Mama akakata, mashine ikanguruma, na kabla jua halijazama gauni lilikuwa mwilini mwa mwenyewe. Mkunga akageuka mbele ya kioo huku, akageuka kule. Vidole vyake vikatafuta cha kukunja, vikakosa.

"Njoo hapa," akamwita Sindano. "Miaka thelathini nimepokea watoto. Wengine hutanguliza miguu badala ya kichwa. Mtoto huyo hatumrudishi tumboni akaanze upya, wala hatukai chini tukalia. Nauliza: amekaaje, na njia iko upande gani? Lakini mama akinificha maumivu yake, hata mimi nashindwa kumsaidia. Umekosea, ukaficha, hapo ulikwama. Uliposema kweli na kutazama kutoka upande mwingine, ndipo ukatoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Mkunga alipoondoka, mama mdogo alikunja mikono kifuani. "Haya, dada. Ligi yangu umeiona? Nimeshinda?"

"Sare," mama akajibu. "Na usiringe."

Kisha mama akakiinua kigoda kutoka kwenye pembe, karibu na kikapu, akakiweka kando ya meza ya kukatia.

"Sheria ni ile ile," alimwambia Sindano. "Nisipokuwepo, mkasi hushiki. Ila kuanzia Jumamosi ijayo, nikiwepo, utakaa hapa. Na kitu cha kwanza nitakachokufundisha ni kugeuza karatasi."