Mkanda wa Kiti Kitupu

Jua la Novemba kule Gimli, mji mdogo wa kando ya ziwa kwenye nchi ya theluji, halina subira na mtu. Saa kumi na nusu jioni lilikuwa limeshazama nyuma ya misonobari, na Baldur Eyjolfson alikuwa bado amesimama kwenye uwanja wa magari ya kukodi, mikono mfukoni, akimfundisha muuzaji kazi yake.

Nasema mapema, usije ukamwonea huruma bure: Baldur alikuwa mjuaji. Miaka hamsini na minne, msimamizi wa ghala la mbao lenye wafanyakazi saba, na wote saba aliwaita vichwa maji. Kutoka nyumbani hadi ghalani ni kilomita sita. Kwa wiki tatu aliwachosha kwa habari za gari moja lenye betri na injini, la kuchajiwa ukutani, ambalo kilomita hamsini za kwanza halinusi petroli.

"Nyinyi endeleeni kunywesha mapikapu yenu kama ng'ombe," aliwaambia. "Mimi na pampu ndiyo basi tena."

Muuzaji, kijana aitwaye Curtis Wasylyk, alimpa ufunguo.

"Lala nalo leo, mzee. Kesho saa sita mchana uniambie kama unasaini. Mkataba ni miaka mitatu."

"Alikuwa nalo nani?"

"Mwalimu mmoja wa huko kaskazini. Shule na nyumbani, nyumbani na shule. Miezi kumi na minne, umeme mtupu. Injini haijanguruma hata siku moja."

"Huyo ndiye mtu mwenye akili. Mbona akalirudisha?"

Curtis aliinama akakwangua barafu kwenye kioo ambacho hakikuwa na barafu.

"Hakulirudisha yeye. Familia yake ndiyo iliyolirudisha."

Mtu mwingine yeyote angeuliza swali moja zaidi. Baldur alisonya tu, akasema familia za siku hizi hazina maana.

"Halafu mzee, petroli iliyomo imekaa sana. Gari likiona hivyo huwasha injini lenyewe ili iungue. Liache nje tu, usilifungie..."

"Kijana, nilikuwa naendesha magari kabla mama yako hajaolewa."

Sikio la kufa halisikii dawa.

Barabara ya kandokando ya ziwa ilikuwa tupu. Gari lilikwenda kimya, kimya hata akasikia theluji ikisagika chini ya matairi. Baldur alitabasamu peke yake. Akawaza sura za wale vichwa maji kesho asubuhi.

Ting.

Mbele yake ikawaka taa nyekundu, picha ya mtu aliyeketi. Abiria wa mbele hajafunga mkanda.

Akatazama kiti cha pembeni. Kitupu. Hakuweka mkoba, hakuweka hata glavu.

Ting. Ting. Ting.

Akakipapasa kiti. Kilikuwa na joto.

"Viti vya kupashwa moto," akasema. Lakini hakuwa amebonyeza kitu. Na kulikuwa na harufu... chaki, na sufu iliyolowa.

Ting. Ting. Ting. Ting.

Sasa angalia alichofanya. Kule kila dereva anayechoshwa na kelele ile hufanya hivyohivyo, wala haoni ubaya. Baldur alinyoosha mkono, akauvuta mkanda mbele ya kiti kitupu, akaufunga.

Kelele ikakatika.

"Haya, bwana mkubwa. Umeridhika?"

Alikata kona ya mwisho kabla hajakitazama kiti tena. Mkanda uliofungwa juu ya kiti kitupu hulala bapa, umegusana na kitambaa. Huu haukulala.

Ulikuwa umetuna.

Akaongeza sauti ya redio. Hakutazama tena.

Nyumba ilikuwa ya mama yake, Thora, mwenye miaka themanini na sita, ambaye mji mzima humwita Amma, yaani bibi. Chumba chake cha kulala kilikuwa juu ya gereji. Mapafu yake yalikuwa mabovu tangu homa ya miaka mitatu iliyopita, na daktari alisema wazi kwamba moshi kidogo tu utamwondoa. Ndiyo maana pikapu ya Baldur ililala nje kila majira ya baridi, waya wake wa kupashia injini joto umechomekwa ukutani kama wa kila jirani. Na king'ora cha gesi ya sumu kilikuwepo darini, ila Baldur alikitoa betri akaitia kwenye rimoti ya televisheni. Mtu mwenye akili, si ndiyo?

Leo aliingiza gari ndani ya gereji. La umeme hili, lina moshi gani? Akashusha mlango mkubwa. Akabonyeza kitufe cha kuzimia, akaona taa zikififia. Waya wa kuchajia ulipungua hatua mbili kufika kwenye soketi, akautukana, akauacha mpaka kesho.

Jikoni Amma alikuwa amekata mkate mweusi wa nafaka ya rai na nyama ya kondoo ya moshi. Hakuinua macho.

"Umekuja na nani?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Nimesikia milango miwili ikifungwa."

"Masikio yako yana miaka themanini na sita, Mama."

"Na hayajanidanganya hata mara moja. Wewe umenidanganya mara ngapi?"

Baldur alicheka kwa pua. Saa mbili baadaye Amma akachukua fimbo yake, akapanda ngazi polepole kwenda kulala, akihema kila baada ya vidato viwili. Mwanawe alisogeza sahani, akatandaza mkataba mezani, akatafuta kalamu.

Ndipo mlango ulipogongwa.

Mara moja tu.

Haukuwa mlango wa nje. Ulikuwa ule mdogo unaotoka jikoni kuingia gereji.

Kwa watu wa ziwa lile, ambao wazee wao walitoka kisiwa cha mbali cha kaskazini, giza likishaingia mgeni habishi mlangoni. Huzunguka hadi dirishani akasema, "Mungu awe hapa." Wa ndani humjibu, "Mungu akubariki," ndipo wamfungulie. Maana vipo vitu vinavyojua kugonga lakini haviwezi kulitaja jina hilo. Na vitu hivyo, walisema wazee, hugonga mara moja.

Kutoka juu ya ngazi ikaja sauti ya Amma, ya kunong'ona.

"Baldur... usiitikie."

Angenyamaza tu. Kunyamaza hakumgharimu mtu kitu. Lakini mjuaji hawezi kuacha ujinga wa mwenzake upite bila kuukanyaga.

"Karibu!" akapaza sauti, kalamu mkononi. "Ingia bwana, mlango hauna kufuli!"

Kitasa kikazunguka.

Taratibu.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja, ukasimama. Ng'ambo yake giza, na ile harufu ya chaki na sufu. Na chini kabisa, kitu kilikuwa kinapumua. Hmmm... Hmmm... Hmmm...

"Upepo," alisema Baldur, ingawa ziwa lilikuwa limetulia tangu asubuhi.

Alitaka kuinuka akaufunge. Miguu ikawa mizito. Kichwa kilikuwa kinagonga kama mtu anayepigilia misumari. Alifika mlangoni kwa kushikilia meza, akachungulia. Ndani ya gari taa zote zilikuwa zinawaka. Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefunguliwa, chuma chake bado kinabembea.

Mtu akampita begani kuingia ndani.

Sakafu ikamjia usoni.

Alizinduka kwenye theluji, barakoa ya hewa usoni. Juu yake alikuwa Verna Gislason, mkuu wa wazima moto wa kujitolea, mwanamke mpana asiyebembeleza mtu.

"Hukulizima, Baldur. Gari halingurumi, ukadhani limezimika. Betri ikaisha kwa kupasha joto, injini ikashika kazi yenyewe. Saa nzima inatoa sumu ndani ya gereji iliyofungwa! Na king'ora hakina betri. Mtoto wa darasa la tatu ana akili kuliko wewe."

"Nililizima," alisema kwa shida. "Niliona taa..."

"Uliona taa! Gesi hiyo humwonyesha mtu hata marehemu wake. Shukuru mama yako alifungua dirisha akapata hewa, akapiga simu."

Amma alikuwa amekaa nyuma ya gari la wazima moto, amefunikwa blanketi, mzima. Alikuwa akimtazama mwanawe kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama.

"Sikufungua ili nipate hewa," alisema. "Mtu alikuja dirishani. Akasema, Mungu awe hapa. Nikamjibu, nikafungua."

Verna aligeuka akatazama juu. Dirisha la Amma lilikuwa ghorofani. Chini yake, paa la baraza lilikuwa na theluji ya siku mbili, laini, bila alama ya mguu wa mtu wala wa ndege.

"Ni gesi, Amma," alisema, lakini polepole kuliko mwanzo.

"Sauti naijua. Ilikuwa ya mwanangu."

"Baldur alikuwa amelala jikoni, amezimia."

"Najua," alisema Amma. "Ndiyo maana nauliza. Kama mwanangu alikuwa dirishani, aliyelala jikoni alikuwa nani?"

Hospitali walimweka siku nne. Gari lilivutwa kurudishwa, mkataba ukabaki bila saini. Curtis alikuja kumwona na katoni ya donati, hakukaa hata dakika tano. Alisema tu kwamba yule mwalimu naye alikutwa ndani ya gereji yake, ndani ya gari lilelile, na polisi walishindwa kueleza jambo moja dogo: alikuwa peke yake, na mikanda yote miwili ya mbele ilikuwa imefungwa. Daktari naye alionya kwamba gesi ile huharibu kumbukumbu, na huenda neno moja moja likampotea mgonjwa. Yatarudi, alisema.

Siku ya tano, saa kumi na nusu jioni, Verna alimshusha kwenye lango la nyumbani akaondoka. Nje kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jikoni taa ilikuwa inawaka.

Alizunguka hadi dirishani. Amma alikuwa amesimama ng'ambo ya kioo, mkono kwenye pazia.

"Sema," alimwambia.

"Mama, acha mambo haya. Baridi itaniua."

"Baridi naijua. Sema, nikufungulie."

Baldur alitaka kucheka. Upuuzi mtupu, nusu karne amevumilia upuuzi wa wazee hawa. Akafungua mdomo alimalize.

"...awe hapa."

Akakohoa. Akajaribu tena.

"...awe hapa. ...awe hapa."

Maneno mengine yote yalikuwepo. Upuuzi, wajinga, vichwa maji, yote yalikuwa tayari ulimini. Hilo moja tu hakulipata. Alilitafuta kinywani kama mtu anayetafuta jino lililong'oka.

"Ni gesi, Mama," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anaomba. "Daktari alisema. Ni mimi."

Pumzi ya Amma ilikuwa imetia ukungu kwenye kioo kwa ndani. Upande wa Baldur, kioo kilikuwa safi.

Machozi yalimshuka yule bibi. Akavuta pazia.

Baldur alisimama pale muda mrefu. Baridi haikumuuma tena. Kisha akazunguka taratibu hadi mlangoni, akainua mkono, akagonga.

Mara moja tu.