Mapigo Arobaini

Jumanne tarehe kumi na moja Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Mwende alihesabu mapigo ya moyo wa mwanawe akapata mia moja na thelathini. Kisha akasikia mengine, mazito, arobaini kwa dakika. Yalitoka upande mtupu wa kitanda.

Akayaandika yote daftarini, kama daktari alivyomwagiza. Mtoto alikuwa na wiki sita. Alipasuliwa Nairobi akiwa na siku mbili, wakatoa uvimbe uliokuwa umeziba njia ya damu ndani ya moyo, mkubwa kama zambarau. Tangu warudi Voi alinyonya vizuri. Leo alikataa ziwa, na kila Mwende alipohesabu, moyo ulikuwa umepungua: mia na ishirini, mia na tano. Akamkimbiza hospitali. Huko moyo ukapiga sawasawa. Wakaambiwa warudi asubuhi.

Jioni hapo nyumbani ukashuka hadi tisini.

Kaveke, mama mkwe, alisimama mlangoni akinusa. Chumba kilinuka dawa ya kidonda na udongo uliofukuliwa.

"Mtoto huyu mnamwitaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kwenye faili ni Mtoto wa Mwende, mama. Niliogopa kuzika jina."

"Digrii mbili, na jina moja limewashinda. Kwetu mtoto hupewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo ni wa mizimu. Uvimbe ule ulikuwa kiti; nyinyi mmeking'oa, mwenye kiti hamkumfukuza."

Mapigo yale yakasogea, yakapanda juu ya mto wa kulalia, yakaja hadi kwenye kovu kifuani, na Mwende, kidole chake kikiwa juu ya moyo wa mwanawe, akahesabu themanini, akahesabu sabini, akahesabu sitini, huku shuka ikibonyea taratibu kando yao kana kwamba kuna mwingine anayejilaza, mdogo, mwenye baridi.

Kaveke akafunga uzi wa shanga shingoni mwa mtoto. "Wewe ni Mwangangi. Mwangangi wetu."

Shuka ikanyooka. Mtoto akalia, akatafuta ziwa.

Asubuhi, Mwende alihesabu mara tatu: mia moja na thelathini, moyo mmoja. Akamrudisha hospitali.

"Mtoto wa Mwende," muuguzi akaita.

Kwenye benchi tupu nyuma ya Mwende, kichanga kikalia.

Mwende hakuitika, wala hakugeuka. Alimfunika Mwangangi masikio, akatoka nje.